Mvua Haiombi Kibali: Mjadala wa Majengo Makongwe ya Moshi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mpaka wake mwaka 1863. Jengo lililosimama kabla ya hapo lina ulinzi wa sheria hata kama hakuna mtu aliyewahi kuliombea. Lililojengwa baadaye linamsubiri Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na Mawaziri wana mengi ya kutangaza. Kwa mpaka huo magofu ya Kilwa Kisiwani yamo, Kaole imo, Tongoni imo. Mji wa Moshi haumo hata kwa tofali moja. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na theluji yake mwaka 1848, lakini mji tunaouita Moshi leo uliletwa na reli kutoka Tanga, na reli ilifika 1911.

Ndiyo maana ukitoka stesheni ukapanda hadi Soko la Kati na mitaa ya maduka inayolizunguka, karibu kila jengo la zamani unaloliona linaweza kuvunjwa kwa kibali cha kawaida cha ujenzi. Mengine yameshakwenda. Palipokuwa na duka lenye varanda na nguzo sasa pana ghorofa la vioo vya bluu. Wapo wanaosikitika, wapo wanaoshangilia, na wengi wana shida zao nyingine.

Nimewakalisha watu watano meza moja. Ni wa kubuni, sina haja ya kumficha msomaji, ila hoja zao ni zile zile zinazosikika misibani na kwenye mabenchi ya ofisi za ardhi. Yupo Mwalimu, mstaafu wa somo la historia. Yupo Mwenye Jengo, mfanyabiashara aliyerithi duka la ghorofa moja katikati ya mji. Yupo Msanifu, binti aliyesomea usanifu majengo na kukaa Uingereza kidogo. Yupo Fundi. Na yupo Mama kutoka Old Moshi, aliyeshuka mjini kwa shughuli nyingine akaombwa akae.

MWALIMU: Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Mimi siwalilii Wajerumani wala Waingereza. Ninachokililia ni jengo la KNCU. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kahawa, Joseph Merinyo akiwa mbele, na walowezi wa Kizungu hawakutaka hata kumwona Mwafrika na mche wa kahawa. Mwaka 1933 chama kikazaliwa upya kwa jina la KNCU. Bei ya kahawa ikapanda baada ya vita, na fedha hiyo ikasimamisha jengo la ghorofa katikati ya mji uliokuwa umegawanywa kwa rangi: Wazungu upande wao, Wahindi madukani, Mwafrika mtaa wa Majengo. Si mfadhili aliyelijenga, si gavana. Ni gunia la Rombo, gunia la Machame, gunia la Vunjo. Mwanafunzi nikimfundisha ushirika darasani anasinzia. Nikimpeleka pale nikamwambia babu yako ndiye aliyelipia ukuta huu, anainua macho.

FUNDI: Anainua macho kusoma bango la kampuni ya simu, Mwalimu.

MWALIMU: Na hilo bango nalo nina neno nalo. Nenda mitaa ya maduka uangalie ukuta wa juu, ule unaoficha bati. Baadhi ya majengo yana mwaka na jina la familia, vimefinyangwa kwa chokaa. Sasa mtaa mzima umepakwa nyekundu, kijani au bluu kwa sababu kampuni imetoa rangi bure. Mwaka umo humo humo chini ya rangi, hausomeki.

MWENYE JENGO: Mwalimu, shikamoo tena, maana naona nitakukosea. KNCU ni ya ushirika, wakae wanachama waamue. Hili langu ni langu. Baba alilinunua kwa jasho. Chini nina wapangaji wawili, juu nimepafunga kwa sababu mchwa wameimaliza sakafu. Kila masika naweka ndoo tatu kwenye ngazi. Kiwanja hicho hicho, nikipandisha ghorofa tano, nasomesha wajukuu. Sasa mnataka kulitangaza kuwa urithi wa taifa. Taifa litaleta mabati?

MSANIFU: Hakuna aliyesema ubebe peke yako, mzee wangu.

MWENYE JENGO: Hakuna aliyesema nitabeba na nani. Haya, nikatazeni kuvunja. Sitagombana na mtu. Nitasubiri. Bati moja likifunguka sitalipigilia. Masika mawili, vuli mbili, kenchi zinaoza, ukuta unalala barabarani, halafu mtanipa nyinyi wenyewe kibali cha kuondoa kifusi. Mvua haiombi kibali.

Hapo meza ilinyamaza, na mimi ningenyamaza. Katika hoja zote zinazotolewa dhidi ya kuhifadhi majengo, hii ndiyo ambayo wapenzi wa mambo ya kale hawapendi kuijibu, kwa sababu imeshatokea mbele ya macho yetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Una mamlaka yake maalumu tangu 1985. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo lenye sifa kuliko yote pale, iliporomoka na kuua watu, tena ikiwa kwenye matengenezo. Kama cheo cha dunia hakikuushika ukuta ule, karatasi ya Manispaa ya Moshi itaushika wa nani?

MSANIFU: Naomba niwape mfano wa mbali kidogo, mnivumilie. Uingereza kuna mji mdogo wa soko unaitwa Ludlow. Watu wake ni kama elfu kumi, pungufu kuliko kata mbili za hapa kwetu. Una majengo yapatayo 500 kwenye orodha ya serikali. Orodha hizo zilipata nguvu ya sheria mwaka 1947, mara tu baada ya vita, nchi ikiwa bado inakula kwa mgao. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha hata dirisha bila kibali. Na wengi wanakubali, kwa sababu nyumba yenye historia inauzika kwa bei nzuri na watalii wanakuja kula na kulala. Halafu kuna vyama vya wenyeji, wastaafu wenye madaftari yao, wanaojua kila mlango. Mpango ukiletwa wanausoma ukurasa kwa ukurasa.

MAMA: Mwanangu, hao wa huko, nyumba zao walijengewa na nani?

MSANIFU: Walijijengea wenyewe, mama.

MAMA: Basi wana haki ya kuzipenda.

MWALIMU: Mama, hilo ni jibu kali, lakini si kamili. Hapa mjini aliyeshika mwiko alikuwa nani? Fundi Mhindi na vibarua wetu. Aliyebeba mawe meusi ya mlima alikuwa nani? Mkoloni akitoa amri, mikono iliyojenga haigeuki kuwa yake.

FUNDI: Babu yangu alikuwa akichonga mawe. Hakuna aliyefinyanga jina lake juu ya bati.

Lazima nikatize hapa, maana kuna jambo ambalo watano hawa walilipita. Kwa nini katikati ya Moshi bado kuna safu za maduka ya miaka ya 1930, 1940 na 1950, wakati miji mingine ilishayafuta? Si kwa sababu kuna mtu aliyeyapenda. Aprili 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Utwaaji Majengo. Jengo lililozidi thamani ya shilingi 100,000 na ambalo mwenyewe halitumii lote lilichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majengo. Wengi waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao wakaondoka nchini. Mwaka 1990 majengo hayo yakaingizwa kwenye Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa miaka yote hiyo kodi ya pango ilikuwa ndogo, mpangaji hakuruhusiwa kujenga, na Shirika halikuwa na fedha za kujenga. Majengo yakabaki kama yalivyo. Nguzo zikabaki, varanda zikabaki, na madirisha ya mbao yakapakwa rangi juu ya rangi.

Kwa maneno mengine, kilichouhifadhi mji ni ukata, na ukata sasa unaondoka. Ardhi ya katikati ya mji imepata bei, Shirika linatafuta wabia wa kujenga upya, benki zinakopesha. Anayedhani kwamba majengo yamedumu miaka 80 kwa hiyo yatadumu mingine 80 hajauliza yalidumishwa na nini.

MSANIFU: Ndiyo maana nasema tuwape wenye majengo nafuu. Tuanze na msamaha wa kodi ya majengo kwa atakayetunza.

MWENYE JENGO: (anacheka mpaka anakohoa) Kodi ya majengo? Hii inayokatwa kwenye LUKU? Nyumba ya kawaida shilingi 1,500 kwa mwezi, ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Binti, bati moja la maana siku hizi linakula miezi mingapi ya huo msamaha wako? Ukitaka kunisaidia, nisamehe ile asilimia 10 ya zuio kwenye pango. Au nikopeshe kwa riba ndogo.

MSANIFU: Basi tuache kodi. Kuna njia nyingine. Jengo lako lina kina kirefu, nyuma kuna stoo na ua. Sehemu ya mbele, varanda na vyumba vya kwanza, ibaki na ikarabatiwe. Nyuma upandishe ghorofa zako, hata zaidi ya zile zinazoruhusiwa kawaida, na hiyo nyongeza ndiyo fidia yako. Manispaa haitoi hata senti. Inatoa kibali tu.

MWALIMU: Hiyo ni barakoa. Uso wa bibi kwenye mwili wa mjukuu.

MSANIFU: Mwalimu, na ukivunjika uso wote?

MWENYE JENGO: Subirini kwanza. Nyongeza ya ghorofa ngapi?

Niliona macho yake. Ilikuwa mara ya kwanza aulize swali badala ya kutoa jibu. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaruhusu mamlaka ya upangaji kuyalinda majengo yenye thamani ya kihistoria au ya usanifu bila kusubiri mpaka wa 1863, kwa hiyo hili si jambo la kutunga sheria mpya. Ni jambo la mtu kukaa chini na kuchora. Na la kumpata fundi anayejua anachokishika.

FUNDI: Hapo mmefika kwangu. Kuta nyingi za zamani hapa zina mawe au matofali ya kuchoma, udongo wa kushikia umechanganywa na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje, kila siku, kimya kimya. Anakuja mtu na pesa zake, anasema fundi piga lipu ya saruji ing'ae. Napiga. Kazi inapendeza mwaka mmoja. Maji yaliyokuwa yanatoka sasa yamefungiwa ndani, yanapanda juu kutafuta njia, na masika ya pili lipu inavimba. Ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu. Ukiibandua, nyuma kuna unga mweupe wa chumvi na tofali limelainika, unalichimba kwa ufunguo. Wanasema jengo limezeeka. Halijazeeka. Limezibwa pumzi.

MWENYE JENGO: Mbona hukuniambia ulipopiga langu?

FUNDI: Bosi, uliniuliza bei, hukuniuliza ukuta.

MWENYE JENGO: Na hiyo chokaa ni ghali?

FUNDI: Chokaa si ghali. Muda ndio ghali. Inataka ilowekwe, ipigwe safu nyembamba, safu ikauke ndipo uweke nyingine. Vijana wangu hawajawahi kuona. Wanajua saruji, jipsamu na alminiamu. Mbao za kenchi humo ndani ni mvule, ukipata hizo leo unafunga duka na kuziuza. Wanaovunja wanajua. Mbao zinaondoka kwanza, kabla ya kifusi.

Kuhusu stesheni ya reli hawakukaa sana, na sina sababu ya kuwalazimisha. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya nyasi kuota katikati ya reli. Wote walikubaliana kwamba jengo lenye abiria lina bahati kuliko jengo lenye kibao cha makumbusho. Kisha Mama, ambaye alikuwa amekunja mikono muda wote, akaomba nafasi.

MAMA: Nimewasikiliza. Mnasema Moshi ina miaka mia na kitu kwa sababu ya reli. Moshi iko juu, jamani. Huku chini mlichukua jina tu. Kwa Mangi Rindi ndiko Moshi, na kwa mwanawe Meli. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Meli pale Tsudunyi pamoja na wengine 18, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha wakiwamo. Kichwa chake kikaondoka. Wajukuu wamekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin vilikuta mafuvu yenye ndugu walio hai huku mlimani, na mmoja alikuwa mshauri wa Meli. La Meli bado. Sasa mnaponiambia urithi ni varanda, nawaelewa, lakini mnielewe na mimi.

MWALIMU: Mama, hakuna anayesema urithi ni varanda peke yake.

MAMA: Bajeti ndiyo inayosema. Sisi huku juu mambo yetu hayana ukuta. Nyumba ya nyasi ya bibi yangu ilikuwa na ng'ombe upande mmoja, sisi upande mwingine, na dari ya kukaushia. Ilikuwa ya kudumu? Hapana. Unaezeka upya. Kilichodumu ni kihamba: migomba juu ya kahawa, mti mkubwa juu ya migomba, masale pembeni kuonyesha mpaka, na babu amelala pale pale chini. Na mfongo unaoleta maji kutoka mtoni, ambao ukoo unausafisha kwa zamu. Shimbwe Juu, kule Uru, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa lilipatambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Nendeni mkaone vijana wangapi wamebaki wa kuusafisha huo mfongo.

FUNDI: Mama, si tungejenga kituo kizuri pale kwa Meli? Ukumbi, uzio, choo cha watalii, geti?

MAMA: Choo sawa. Hilo geti la nini? Anayekwenda pale anakwenda kwa babu yake. Mkimwaga zege kwenye mizizi ya ule mti alionyongewa mtakuwa mmemnyonga mara ya pili.

MWENYE JENGO: Hapo niko na Mama. Vitu vingine viachwe kwa wenyewe.

MSANIFU: Hata jengo lako ni kitu cha wenyewe, mzee, ila wanaolipita kila siku nao ni wenyewe kidogo.

MWENYE JENGO: Kidogo, sawa. Basi walipe kidogo.

Hawakumaliza, na wasingemaliza hata wangeletewa chai ya pili. Nitatoa hukumu yangu badala yao.

Mwenye Jengo yuko sahihi kwamba katazo bila fedha huzalisha magofu. Amekosea pale anaposema hakuna la kufanya ila kuvunja, kwa sababu alipoonyeshwa nyongeza ya ghorofa alianza kuhesabu. Mwalimu yuko sahihi kuhusu KNCU, na ningeanzia hapo hapo pamoja na stesheni na majengo ya Shirika la Nyumba. Ni mali ya wanachama na ya umma, hakuna mjane wa kunyang'anywa wala mrithi wa kufidia. Orodha ya kwanza isizidi majengo ishirini, maana orodha ndefu haitatekelezwa, na itatufundisha tu kudharau orodha. Kwa jengo la mtu binafsi, njia ya Msanifu inatosha: mbele pabaki, nyuma papande. Na ambalo lazima livunjwe, kibali kisitoke kabla halijapimwa, kuchorwa na kupigwa picha, na michoro hiyo ikae Chuo Kikuu cha Ushirika pale pale mjini, mahali ambapo mwanafunzi wa Mwalimu ataipata. Fundi naye afundishwe chokaa, na afundishe wenzake. VETA ipo.

Kuhusu Old Moshi, Manispaa haina la kufanya pale zaidi ya kutengeneza barabara na kuuliza ukoo kabla ya kila kitu.

Baraza la madiwani la Manispaa ya Moshi hukutana kila robo mwaka. Sheria ya 2007 imo kabatini mwao, wapimaji wapo, na orodha ya majengo ishirini ni kazi ya wiki chache kwa watu wawili wenye kamera na futi. Diwani wako unamjua, mpelekee ombi aliweke kwenye ajenda ya kikao kijacho, kabla ya masika.